Lori Kuukuu na Presha ya Oili: Funzo Kutoka Bariadi

Msimu wa karafuu unapokaribia, wanachama wetu hutayarisha majamvi, magunia na kamba za kupandia. Wachache hukumbuka lori. Na karafuu mbichi haingoji. Ikilala guniani kwa sababu gari limekufa njiani, huchacha, rangi huharibika na bei hushuka. Kwa hiyo leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya presha ya oili katika injini ya dizeli ya siku nyingi.

Mfano wetu tumeutoa mbali kidogo, Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Huko ni nchi ya pamba. Soko lake kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei, kiangazi kikiwa kimeanza, na malori hupita vijijini kwa vyama vya msingi, Maswa, Meatu na Itilima, yakikusanya pamba ya kupeleka viwanda vya kuchambulia. Gari la miaka thelathini si ajabu njiani humo. Vumbi ni jingi, na likipenya katika chujio la hewa lililochakaa husaga injini kama tupa. Sisi huku Pemba vumbi letu ni dogo, lakini tuna milima, tope, na hewa ya chumvi inayokula nyaya. Pamba na karafuu ni mazao mbalimbali. Lori linaloyabeba ni lile lile, na huuawa na ugonjwa ule ule.

Presha hutoka wapi?

Pampu hunyonya oili kutoka sampu chini ya injini, huipitisha katika filta, kisha huisukuma mpaka kwenye beringi za krenki. Lakini pampu peke yake haileti presha. Presha hutokea kwa kuwa oili inabanwa kupita katika nafasi nyembamba mno baina ya krenki na beringi. Tazama mpira wa kumwagilia maji: ukibana mdomo kwa kidole, maji huruka mbali; ukiachia, humwagika tu. Beringi zikilika, nafasi hupanuka, na presha hushuka. Ndiyo maana presha ya oili hutueleza hali ya injini ndani bila ya kuifungua.

Jambo la pili ni joto. Asubuhi oili ni baridi na nzito, na geji hupanda hata katika injini iliyochoka. Mtu anayeangalia geji wakati wa kuwasha tu anajidanganya. Presha ya kweli ni ile inayopimwa injini ikiwa na moto.

Na taa nyekundu? Taa hiyo mara nyingi huwaka wakati presha imekwisha shuka chini ya ratili 10 kwa inchi ya mraba. Si mlinzi wa mlango, bali ni mpiga mbiu ya msiba. Na injini ya dizeli ya zamani haijui kujizima. Itaendelea kunguruma bila ya oili mpaka ikwame.

Namna ya kupima

Kwanza, simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha chomoa kijiti cha oili. Usitazame kiasi tu. Inusa na uipapase. Ikiwa oili imezidi alama ya juu hali hukuiongeza, nayo ni nyepesi na inanuka dizeli, basi dizeli inavuja kuingia sampu. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Katika hali hizo mbili usiwashe tena mpaka fundi ameona.

Pili, endesha gari kwa nusu saa hivi ili oili ipate moto barabara.

Tatu, zima injini, fungua swichi ya presha iliyopo ubavuni mwa injini, na mahali pake funga geji ya fundi yenye mpira wake. Hakikisha hesi zinalingana. Jihadhari, oili hiyo huunguza.

Nne, washa. Soma geji injini ikinguruma polepole, kisha kanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika, usome tena. Andika namba zote mbili daftarini pamoja na tarehe.

Namba nzuri ni ipi? Kila injini ina kitabu chake, na kitabu ndicho hakimu. Kwa mfano, Land Rover ya zamani yenye injini ya dizeli ya lita 2 na robo, iliyoanza kutolewa mwaka 1961, hutakiwa kuonyesha ratili 35 hadi 65 katika gia ya juu kwa mwendo wa maili 30 kwa saa, injini ikiwa na moto. Asiye na kitabu afuate kipimo cha mafundi: ratili 10 kwa kila mizunguko 1,000. Ni makisio tu.

Ikiwa presha ni ndogo

Usikimbilie kuvunja injini. Anza na kilicho rahisi. Pima tena kwa geji nyingine. Kisha badilisha oili na filta kwa oili ya daraja iliyoandikwa kitabuni. Ikiwa bado, fundi atazame chujio la sampu, vali ya presha na pampu. Beringi ni za mwisho. Wako wanaomimina oili nzito kupita kiasi ili geji ipande. Hiyo si dawa, ni kuficha ugonjwa; oili nzito huchelewa kufika juu ya injini asubuhi, na ulaji huendelea.

Na taa ikiwaka safarini, zima hapo hapo, hata kama uko katikati ya mlima na gari limejaa. Usiseme, “Nitafika gereji.” Beringi zinaweza kuungua kabla hujafika. Kumkodi mwenzako ahamishe magunia kuna gharama, lakini krenki mpya ina gharama kubwa zaidi, na msimu haurudi.

Tunawaomba wanachama wenye magari, na wanaokodi magari ya wengine, wapime kabla ya chumo, kisha tena katikati ya msimu. Namba moja haisemi mengi. Namba mbili zikilinganishwa husema kama injini inashuka au imesimama pale pale. Mwenye kukodi asione haya kumwuliza mwenye lori, “Daftari la presha liko wapi?” Usipoziba ufa, utajenga ukuta.