Mavuno, Mjane na Mgeni

Somo letu ni Kumbukumbu la Torati 26:1–13.

Kila mwaka twaleta mahindi, ndizi na kuku mbele ya madhabahu. Waisraeli walikuwa na malimbuko yao, na Waingereza wa kale walileta kanisani mkate wa ngano mpya. Lakini ibada ya Mavuno kama tuijuavyo sisi Waanglikana ilianzia hasa katika parokia ndogo ya mashambani, Morwenstow, pwani ya Cornwall, Uingereza, mwaka 1843.

Kasisi wake aliitwa Robert Stephen Hawker. Kabla yake parokia ile ilikaa zaidi ya miaka 100 bila kasisi wa kuishi humo. Watu wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba, wenye mshahara mdogo sana. Hawker alijenga shule. Alikuwa mtu wa vituko, akivaa fulana ya wavuvi na mabuti marefu. Tena mwaka 1875, akiwa kitandani pa mauti, alipokewa katika Kanisa Katoliki, na wengi wakaudhika. Hilo tumwachie Bwana.

Oktoba ile ya 1843 aliwaita watu wote waje kumshukuru Mungu, na mkate wa Meza ya Bwana ukafanywa kwa ngano mpya. Basi mavuno yaliwarudia watu, tonge kwa tonge.

Pwani ile ina majabali marefu, na merikebu nyingi zilivunjika hapo. Zamani maiti za mabaharia zilifukiwa ufukoni tu. Hawker alishuka mwenyewe kuzitafuta, akazizika uani mwa kanisa. Ilipovunjika merikebu Caledonia ya Uskoti, 1842, sanamu ya mbele ya merikebu hiyo iliwekwa penye kaburi la mabaharia wake. Mwaka uliofuata ndipo yalipokuja Mavuno yale.

Katika somo letu wametajwa Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kwetu, baada ya ibada mnada huanza: jogoo mmoja hununuliwa, hurudishwa, hununuliwa tena, na majina hutangazwa kwa kipaza sauti. Hatusemi mnada ni dhambi. Makanisa mengi yameezekwa kwa fedha hizo. Lakini sisi wachungaji twajua kwamba wako wajane ambao Jumapili hiyo hubaki nyumbani, kwa kuwa mvua ilikosa na hawana la kushika mkononi. Halmashauri ya kanisa ikikutana kupanga Mavuno, na iandike kwanza majina ya nyumba hizo, na magunia mawili matatu ya waliojaliwa yapelekwe huko Jumamosi, kabla ya mnada.