Kunyolewa vizuri si kupunguza nywele tu

Na Mwandishi Wetu, Karatu

KILA asubuhi katika mji wa Karatu, mkoani Arusha, magari ya watalii hupita kwa misururu yakielekea lango la Lodoare, mlango wa kuingilia Ngorongoro. Kando ya barabara hiyo ya lami itokayo Makuyuni yapo maduka madogo yenye viti vya kuzunguka, vioo vikubwa na picha za vichwa zilizochorwa ukutani. Hizo ni saluni za wanaume. Aingiaye humo hutoka baada ya muda mfupi akiwa mtu yule yule, lakini mwendo wake umebadilika: kifua kimekuwa mbele, macho yanawatazama watu bila haya, na mkono haukosi kupapasa kisogo.

Kwa nini jambo dogo kama kupunguza nywele limpe mtu kujiamini kiasi hicho? Jibu lina pande mbili, ule wa nafsi ya mtu na ule wa jamii inayomtazama. Pengine hakuna mahali panapolifafanua vizuri kama Karatu na Ngorongoro, kwa kuwa hapa wanakutana watu ambao kwao nywele ni lugha kamili.

Tuanze na Wamasai, ambao wanaishi na mifugo yao ndani ya Eneo la Hifadhi la Ngorongoro lililoanzishwa mwaka 1959. Kwa mila yao, kichwa cha mtu kinaeleza amefika wapi katika safari ya maisha. Kijana hunyolewa anapotahiriwa. Wanawake hunyoa vichwa, urembo wao ukawa shanga za masikioni na shingoni. Morani ndiye afugaye nywele ndefu, zikasukwa vijisuko vyembamba na kupakwa mafuta yaliyochanganywa na udongo mwekundu. Morani humsuka morani mwenzake, kazi ambayo hudai saa nyingi za kukaa pamoja na kuvumiliana.

Kisha hufika sherehe ya eunoto. Hapo mama humketisha mwanawe na kumnyoa nywele zote zile alizozitunza kwa miaka. Wapo vijana wanaotetemeka na kutokwa na machozi, ingawa ni watu waliofunzwa kutoogopa. Mtu anayeona tukio hilo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani kijana amenyang'anywa kitu. Ukweli ni kwamba ameaga ujana na kukaribishwa katika hatua ya kuoa na kuwa mzee wa boma. Kichwa kitupu kinampa hadhi mpya kwa sababu yeye na jamii yake wanakubaliana kuhusu maana yake.

Makubaliano hayo yakikosekana, kinyume chake hutokea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache lubega na udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Katika kipindi hicho hicho, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Nia iliyotajwa ilikuwa maendeleo na heshima ya taifa. Hata hivyo, mtu anayelazimishwa kubadili sura yake hajiamini zaidi. Hujifunza kujificha.

Wanafunzi wa shule zetu wanalijua hilo kwa kiasi chao. Kwa miaka mingi, wavulana na wasichana wa shule za serikali wametakiwa kunyoa nywele zikawa fupi, kwa hoja ya usafi, usawa na nidhamu. Hoja hizo zina uzito. Lakini tazama anachofanya kijana mara tu amalizapo kidato cha nne: anafuga nywele au anakwenda kunyoa mtindo alioutamani. Anaitangazia dunia kwamba kichwa hiki sasa ni chake.

Upande wa nafsi nao umechunguzwa na wataalamu. Mwaka 2000, Marianne LaFrance wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, katika utafiti uliofadhiliwa na kampuni ya Procter & Gamble, ambayo huuza bidhaa za nywele, alieleza kuwa watu waliofikiria siku ambazo nywele zao zilikaa vibaya walijiona duni zaidi na kukazia macho kasoro zao. Wanaume nao hawakusalimika. Kwa kuwa mfadhili alikuwa na maslahi katika jambo hilo, ni vyema kuyapokea matokeo hayo kwa tahadhari.

Mwaka huo huo, Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichapisha jaribio jingine. Walimvika mwanafunzi fulana ya kumtia aibu, wakamwingiza katika chumba chenye wenzake. Waliovaa walidhani karibu nusu ya waliokuwamo wameiona picha iliyokuwa kifuani. Ukweli ni kwamba walioitambua walikuwa takriban robo. Fundisho lake ni kwamba watu hawatutazami sana kama tunavyodhani. Basi nguvu kubwa ya kunyolewa vizuri haitoki kwa watazamaji. Inatoka kwa mwenye kichwa, ambaye ameacha kuhangaika na sura yake na sasa anaweza kuelekeza akili kwenye mazungumzo, kazi au usaili ulio mbele yake.

Usaili huo si jambo la kufikirika Karatu. Mji huu unaishi kwa utalii, na hoteli, kambi na kampuni za kutembeza wageni hutazama unadhifu wa mwombaji kazi. Kijana anayeshuka kutoka Endulen au Nainokanoka akiwa bado na nywele za kimorani anasimama mbele ya kioo cha saluni na uamuzi mzito. Akizikata mapema, huenda akafanana na wenzake wa mjini, lakini atakuwa amejinyoa heshima ambayo mama yake ndiye aliyestahili kuiondoa, tena kwa siku yake. Akiziacha, huenda asipate kazi. Hakuna kinyozi anayeweza kumwamulia. Mwajiri, kwa upande wake, anaweza kujiuliza kama nywele safi zilizosukwa kwa ustadi zinamzuia mtu kuhudumia mgeni, mgeni yule yule aliyevuka bahari ili awaone Wamasai.

Ajabu ni kwamba mji umeanza kulipia ustadi huo. Jijini Dar es Salaam na kisiwani Unguja, vijana wa Kimasai wanajulikana kwa kusuka nywele za wanawake. Ujuzi uliokuwa wa morani kwa morani sasa ni ajira.

Kwa msomaji anayekwenda kunyoa kesho, yapo mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, mweleze kinyozi unachotaka kabla hajawasha mashine, na umuulize maoni yake. Kinyozi mzuri hutazama umbo la kichwa, mstari wa paji na mwelekeo wa nywele. Nywele huota takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo kosa la dakika moja utatembea nalo kwa wiki kadhaa.

Pili, usiruhusu uzuri ukugharimu afya. Mashine isiyosafishwa husambaza mapunye. Wembe uliomkata mwingine unaweza kubeba virusi vya Ukimwi, na virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Dai wembe mpya, na uone mashine ikisafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Tatu, kwa wenye nywele za kipilipili, kunyoa hadi kwenye ngozi mara kwa mara huzifanya nywele zirudi ndani na kuleta vipele kidevuni na kisogoni.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Tunahitaji mkono wa mwingine ili tupendeze, na tunapoinamisha kichwa mbele ya wembe wake tunamkabidhi zaidi ya nywele. Mama wa eunoto analijua hilo, na kijana wa saluni ya Karatu naye analifahamu. Anayekaa kitini, kwa hiyo, ana haki moja ya msingi: aulizwe kwanza anataka kuinuka akiwa nani.