UKUMBI WA LUGHA: ‘Mtandao’ si intaneti pekee, ardhi nayo ina wake

Ukitaja neno ‘mtandao’ darasani kule Ekerenyo, Kaunti ya Nyamira, wengi watafikiria simu. Kumbe neno hili lina asili pana. Linatokana na kitenzi ‘tanda’, yaani kuenea juu ya kitu kama wingu. Humo ndimo mlimozaliwa pia ‘utando’ wa buibui. Wataalamu wa mitetemo ya ardhi hulitumia kwa maana hiyo hasa.

Tetemeko likitokea mbali, mawimbi yake hupenya ndani ya dunia. Kwenye miamba yenye joto jingi huenda polepole. Kwenye miamba baridi hukaza mwendo. Kituo kimoja hujua tu kwamba wimbi limechelewa, si mahali lilipochelewea. Ni kama matatu: moja ikichelewa kufika Kisii, hujui foleni iko wapi. Zikichelewa zote zilizopitia daraja fulani, na za njia nyingine zikafika mapema, basi shida iko darajani.

Kwa hivyo, anayepanga vituo hujiuliza maswali mawili. Vitande eneo la upana gani? Upana ndio huamua kina kinachoonekana. Viachane umbali gani? Wavu wenye matundu makubwa hauvui omena. Vituo vilivyoachana sana navyo havioni vitu vidogo.

Mwaka 1990, mradi wa KRISP ulitandaza vifaa kutoka Turkana hadi Naivasha, na mstari mwingine ukakatiza Bonde la Ufa kutoka upande wa Ziwa Victoria. Baruti zililipuliwa ili kutoa mawimbi. Ikabainika kuwa ganda la dunia lina unene wa kilomita 35 hivi chini ya Naivasha, lakini 20 hivi tu chini ya Turkana.

Kituo hupenda mwamba thabiti, mbali na barabara na mikaratusi, kwa kuwa upepo ukitikisa mti, mizizi hutikisa ardhi. Mahali kama hapo mara nyingi huwa shambani mwa mtu. Mwenye shamba akiambiwa ati kifaa ‘kinatabiri’ matetemeko, atangoja onyo lisilokuja, kisha akichukie. Kitenzi sahihi ni ‘kurekodi’. Tumweleze hivyo kabla ya kuchimba shimo, kwani kituo kimoja kikiondolewa, wavu hutoboka.