Usikate ethi kwa sababu ya mvumo

Amplifaya ya valvu ikianza kuvuma kwenye hedifoni, ushauri unaokuja upesi kuliko wote, uwe wa fundi wa mtaani au wa rafiki anayejua kidogo, ni kukata ule waya wa kijani na njano, yaani ethi, ndani ya plagi. Unakatwa, mvumo unakoma, kila mtu anaridhika. Nasema mapema: ushauri huo unaweza kuua. Mashine hizi zina transfoma inayoingiwa na volti 230 na kutoa, kwa nyingi za aina hii, volti 150 hadi 300 za kuendesha valvu. Kasha ni la chuma. Kasha hilo limeungana na ukingo wa tundu la hedifoni, na hedifoni umeivaa kichwani. Siku transfoma ikiungua na waya wa moto ukagusa kasha, ethi ndiyo inayobeba mkondo ule mkubwa mpaka fyuzi ikatike. Ethi isipokuwepo, fyuzi haikatiki, na njia inayobaki ya mkondo ni mwili wako.

Kinachouma zaidi ni kwamba ukataji huo hauna haja. Mvumo mwingi huondoka bila kugusa ethi, na mara nyingi bila kufungua hata skrubu moja ya amplifaya.

Kwanza tukubaliane kwamba hedifoni ni hakimu mkali. Spika iliyoko upande wa pili wa sebule inashindana na feni, friji na bodaboda za nje, kwa hiyo mvumo mdogo unamezwa. Hedifoni iko sentimita chache tu kutoka kwenye ngoma ya sikio. Chukua Sennheiser HD 650, ambayo wapenzi wa valvu huitumia sana kwa kuwa ukinzani wake wa omu 300 unaelewana na mashine hizi. Ukiipa volti 1 inatoa desibeli zipatazo 103. Hivyo milivolti 10 tu, sehemu moja ya mia ya volti, zinatosha kutoa desibeli 63, kiasi cha mazungumzo ya kawaida ya watu wawili. Sauti ya hezi 50 sikio zima huanza kuisikia kwenye desibeli 44 hivi. Milivolti 10 basi ni nyingi mno.

Nazo hupatikana kirahisi. Tuseme kompyuta yako imechomekwa ukutani kwa chaja ya pini tatu, na amplifaya imechomekwa soketi nyingine upande wa pili wa chumba. Zote mbili zina ethi, kama inavyotakiwa. Ila ethi za soketi mbili hazilingani kabisa. Kila kifaa ndani ya nyumba huvujisha mkondo kidogo kwenye waya huo, na kati ya soketi na soketi hubaki tofauti ndogo ya volti. Unapounganisha kompyuta na amplifaya kwa waya wa RCA, umezifungulia ethi hizo njia ya pili ya kukutana: wavu wa shaba unaozunguka kiini cha waya wa sauti. Duara limekamilika, na mkondo unaanza kuzunguka.

Wavu huo una ukinzani, tuseme omu 0.1. Mkondo wa miliampea 10 ukipita humo unaacha milivolti 1. Amplifaya yenyewe kazi yake ni kupima tofauti kati ya kiini na wavu, na haina namna ya kujua kwamba milivolti ile haikutoka kwenye gitaa la Mbaraka Mwinshehe. Inaikuza mara kumi kama inavyokuza kila kinachoingia, na hizo ndizo milivolti 10 tulizozitaja. Valvu haina kosa lolote hapo. Hata ukinunua nyingine ya bei kubwa, kutoka akiba za miaka ya 1950, itakuza mvumo uleule kwa uaminifu uleule.

Duara hilo lina pande mbili unazoweza kuzikata. Upande wa ethi ni kinga ya uhai. Upande wa sauti ukikatwa kwa njia sahihi haudhuru mtu. Kabla ya kutoa hela, chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja nzuri ili ethi zao zianzie mahali pamoja; mara nyingi hilo peke yake linapunguza sana. Kisha chomoa chaja ya kompyuta uiache itumie betri. Mvumo ukikoma papo hapo, umeshajua unapita wapi. Kama una DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa dijitali wa kompyuta kuwa mawimbi ya sauti, na ina tundu la waya wa mwanga, ule wa TOSLINK ulioletwa na Toshiba mwaka 1983, tumia huo: muziki unasafiri kama mwanga ndani ya uzi wa plastiki, hakuna shaba kati ya kompyuta na DAC, na duara la kompyuta linakufa. Kama halipo, ziko transfoma ndogo za sauti zinazowekwa katikati ya waya wa RCA, ambazo koili zake mbili hazigusani na muziki unavuka kwa sumaku. Zile za bei ya chini kabisa hula besi. Ni afadhali kusubiri upate nzuri kuliko kusikiliza dansi lisilo na besi.

Utajuaje kama tatizo lako ni duara la ethi au ni kitu kingine? Kaa kimya usikilize, muziki ukiwa umezimwa. Usipime kwa rekodi za zamani. Santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zina mkwaruzo wao wenyewe, nao si wa chumbani kwako. Iache amplifaya ipate moto dakika chache, halafu shusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Mvumo ukibaki palepale, chanzo kiko baada ya kitufe, yaani ndani: kwenye usambazaji wa umeme, nyuzi za moto zinazopasha valvu, au valvu zenyewe. Ukipungua pamoja na kitufe, chanzo kiko kabla yake, na hapo shuku nyaya na vifaa vilivyounganishwa.

Kuna hali ya tatu ambayo hata mafundi wazuri huipita. Mvumo unakuwa mdogo kitufe kikiwa chini, mkubwa kikiwa katikati, kisha unapungua tena kikifika juu kabisa. Sababu yake iko kwenye kitufe chenyewe. Kidhibiti cha kilo-omu 100 kinapofika nusu ya njia yake ya umeme, valvu inakutana na ukinzani wa kilo-omu 25, ambao ni mkubwa kuliko mahali pengine popote pa mzunguko wake. Kikifika juu, ukinzani unaoonekana ni ule mdogo wa DAC. Kwa hiyo waya unaotoka kwenye kitufe kwenda kwenye gridi ya valvu, ukiwa mtupu bila kinga, pale katikati unakuwa antena inayonasa umeme wa nyumba. Kipande kifupi cha waya wenye kinga kinamaliza kazi.

Baada ya jaribio hilo la kitufe, chomoa nyaya zote za sauti, na kwenye tundu la kuingizia chomeka pini ya RCA ambayo kiini na ukingo wake vimeunganishwa kwa tone la risasi. Tundu lililoachwa wazi linaweza kuvuma lenyewe na kukupoteza. Ikiwa kimya sasa, amplifaya ni nzima. Rudisha kifaa kimoja, sikiliza. Rudisha cha pili, sikiliza. Wakati huo inua DAC au kisahani cha santuri ukizungushe taratibu karibu na amplifaya. Mvumo ukibadilika kwa kugeuza tu, transfoma ya kifaa kimoja inarusha sumaku kwenye kingine. Sumaku hiyo hudhoofika haraka sana kwa umbali, hivyo kusogeza kifaa sentimita 20 au 30 kunaweza kutosha.

Yote haya yanadhania kwamba ethi ipo, na katika nyumba zetu hilo ni jambo la kulithibitisha. Nenda Kariakoo ununue ekstensheni ya bei ya chini yenye soketi za matundu matatu. Nilipomuuliza muuzaji mmoja kama yake ina ethi, alinijibu, “Ipo kaka, si unaliona tundu la tatu?” Tundu lilikuwepo. Nilipoifungua kwa bisibisi nilikuta waya mbili tu, kahawia na bluu, nyembamba kama za taa ya mezani. Kile kipande cha shaba cha tundu la ethi kilikaa peke yake kwenye plastiki, hakikugusana na chochote. Kuipima ekstensheni ya namna hiyo ni kazi ya nusu dakika: ichomoe ukutani, weka mita kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye tundu la ethi. Isipolia, usiitumie kwa kitu chochote chenye kasha la chuma.

Kisha kuna ile desturi ya kalamu. Soketi zetu za mtindo wa Uingereza zina vifuniko ndani vinavyofunguliwa na pini ndefu ya ethi, kwa hiyo mwenye plagi ya pini mbili hutumbukiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, akaisukuma plagi yake iingie. Amplifaya nyingi za valvu zinazoagizwa kutoka China au Ulaya huja na plagi ya pini mbili za duara ambayo ethi yake iko ubavuni, kwenye vibati viwili vya chuma. Ikisukumwa kwa kalamu kwenye soketi yetu, vibati hivyo havigusi kitu. Umelipia mashine yenye ethi, umeitumia bila ethi. Kata plagi hiyo ufunge ya pini tatu yenye fyuzi ndogo, kwa mfano ya ampea 3, na uunganishe waya wa kijani na njano mahali pake.

Kasha lisilo na ethi huleta mvumo wake pia. Vifaa vingi vina kapasita ndogo za kuchuja umeme zinazovuta kasha mpaka karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wake ni mdogo mno, ndio ule unaousikia kama kutekenywa ukipitisha kidole kwenye kompyuta inayochaji. Mkondo huo hutafuta ethi kwa kupitia wavu wa waya wa sauti. Dalili yake ni kwamba ukigusa kasha, mvumo unapungua au unabadilika. Lakini pitisha testa kwanza kabla ya kidole. Na mfumo wa nyumba nzima ukiwa hauna ethi, au fimbo iliyochimbiwa nje imeliwa na kutu, hilo ni la fundi umeme mwenye leseni.

Ikibainika kwamba tatizo liko ndani, sauti yenyewe husaidia. Umeme wetu ni wa hezi 50. Baada ya kugeuzwa kuwa wa moja kwa moja, mabaki yake hutoka kwenye hezi 100, noti moja ileile lakini oktavu moja juu. Pakua programu ya kutoa toni kwenye simu, isikilize kwa vipokea sauti, ulinganishe. Hezi 100 inayobaki hata kitufe kikiwa chini hunishawishi kutazama kapasita za umeme. Mashine inayokula miliampea 60 kwenye kapasita ya kwanza yenye maikrofaradi 220 hubaki na mawimbi ya volti 2.7 hivi kabla ya hatua zinazofuata za uchujaji. Kapasita ikikauka kwa joto la miaka mingi ikabaki na 100, mawimbi yanafika volti 6. Hezi 50 kwenye hali hiyohiyo mara nyingi hutoka kwenye nyuzi za moto. Valvu ya 6080, inayotumika kwenye Bottlehead Crack na mashine nyingine zisizo na transfoma ya kutolea sauti, huvuta ampea 2.5 kwa volti 6.3 ili tu iwake. Nyaya za kupeleka mkondo huo lazima zisokotwe pamoja kwa kubana na zipitishwe mbali na gridi. Valvu za kwanza hazikuweza kabisa kuwashwa kwa umeme wa ukutani bila kuvuma. Ilibidi zitengenezwe zenye katodi iliyotengwa na uzi wa moto, kama UY-227 ya RCA ya mwaka 1927. Leo utengano huo ukivuja, mvumo unarudi, na kuhamisha valvu kutoka chaneli ya kushoto kwenda ya kulia kutakuonyesha upesi. Hapo ndipo valvu mpya inapostahili kununuliwa.

Anayefungua kasha akumbuke kwamba kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita ya maikrofaradi 220 iliyojaa volti 200 hushika jouli 4.4, nayo inaweza kukaa nazo muda mrefu. Imwage kwa rezista ya kilo-omu 10 ya wati 5 iliyofungwa kwenye nyaya zenye kihami. Baada ya sekunde 11 hivi kinachobaki ni kidogo sana. Pima kwa mita hata hivyo. Usiimwage kwa kugusisha bisibisi.

Hata mashine za kampuni kubwa huwa na ethi iliyopangwa vibaya ndani. Mwaka 1995 mhandisi Neil Muncy aliandika katika jarida la Audio Engineering Society kuhusu vifaa vya studio ambavyo kinga ya waya wa sauti huungwa kwenye saketi badala ya kasha, hivyo kila takataka inayopita kwenye kinga inaingia kwenye muziki. Kosa hilo bado lipo. Ukilikuta kwenye amplifaya yako, fundi mzuri analirekebisha bila kugusa ethi ya usalama, ambayo lazima ibaki imefungwa kwa skrubu kwenye kasha, ikiwa fupi na imara.

Ukimaliza yote utabaki na mlio mwembamba wa “shhh” wa valvu zenyewe, na huo ni wa kuvumiliwa. Ila ukichomeka vile vipokea sauti vidogo vya kutumbukiza sikioni, vya omu 16, kila kitu ulichokwisha kukinyamazisha kitarudi, kwa sababu vinahitaji volti ndogo mno kutoa sauti kubwa. Mashine za 6080 hazikukusudiwa kwa ajili yao. Vitumie kwenye simu.