Sikukuu ya Mtoto wa Miaka Miwili: Mpeni Kazi Kabla ya Zawadi

Wiki ya mwisho kabla ya Idi au Krismasi, Mtaa wa Kongo pale Kariakoo haupitiki. Wazazi wanatoka kazini jioni na kuingia moja kwa moja kwenye msongamano, wakitafuta gauni, suti ndogo, viatu vinavyowaka taa mtoto anapokanyaga, gari la betri, mwanasesere anayeimba ukimbonyeza tumbo. Hakuna ubaya katika hilo. Kumvalisha mtoto nguo mpya siku ya sikukuu ni desturi ya Waislamu na Wakristo, pwani na bara, na mzazi aliyehangaika mwaka mzima ana haki ya kumwona mwanawe amependeza. Lakini manunuzi hayo yanapomhusu mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, mara nyingi yanatimiza haja za wakubwa kuliko za kwake. Hoja yangu ni kwamba mtoto wa umri huo, hasa anayekulia mjini, anahitaji vitu vichache kuliko tunavyomnunulia, na nafasi kubwa kuliko tunayompa katika shughuli za sikukuu yenyewe. Anahitaji kuwa na kazi yake, na mzazi awe karibu anapoifanya.

Tazama siku ya kawaida ya mtoto huyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na maelfu kwa maelfu kati yao wanaamkia Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika au Bunju kwenda kutafuta riziki katikati ya jiji. Mzazi anaondoka alfajiri kukwepa foleni, mtoto bado amelala. Anarudi usiku, mtoto anasinzia. Kutwa nzima mtoto yuko na dada wa kazi, na bibi yake, au kwenye kituo cha kulelea watoto. Si ajabu basi kwamba zawadi kubwa ya sikukuu hubeba deni la siku zote hizo: mzazi ananunua gari la betri kwa sababu hakuwepo. Upendo uliomo humo ni wa kweli, ila mtoto wa miaka miwili hana namna ya kuuona. Hajui bei, wala hajui kwamba ulihangaika duka hadi duka. Anachokijua ni uso na sauti ya mtu aliyeketi naye mkekani. Na hapo ndipo sikukuu inapokuwa na thamani kwake. Tanzania hupumzika siku mbili kwa Idi el Fitri, na tarehe 25 na 26 Desemba kwa Krismasi. Siku hizo mzazi yuko nyumbani mchana kweupe. Hiyo ndiyo mali adimu kwa mtoto wa mjini, na mpango mzuri wa sikukuu ni ule unaoilinda isiliwe na maduka, foleni na msururu wa kungojea bembea.

Kuhusu wingi wa vitu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo nchini Marekani walichapisha mwaka 2018 uchunguzi uliofanywa kwa watoto 36 wa umri wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto alipewa nafasi ya kucheza mara mbili: mara moja akiwa na vitu 4 vya kuchezea, mara nyingine akiwa navyo 16. Walipokuwa na vichache, watoto walikaa na kila kitu kwa muda mrefu zaidi na walibuni njia nyingi zaidi za kukitumia. Walipokuwa na vingi, walirukaruka kutoka kimoja hadi kingine. Uchunguzi mwingine, wa Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, uliotoka mwaka 2016, ulifuatilia familia 26 zenye watoto wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani kwao. Pale palipokuwa na vitu vya betri vinavyoimba na kuwaka taa, wazazi walisema maneno machache kuliko pale walipofungua kitabu cha picha au kuchezea vitu vya kawaida, na watoto wenyewe walitoa sauti chache kuliko walipokuwa na kitabu. Kitu kinachosema chenyewe humnyamazisha mzazi. Kwa familia ambayo wiki nzima haikupata nafasi ya kuzungumza na mtoto, hasara hiyo ni kubwa.

Msomaji anaweza kupinga kwamba hao ni watoto wa Marekani, na tena ni wachache. Ni kweli ni wachache, na tafiti mbili haziwezi kutunga sheria ya malezi ya dunia nzima. Lakini kilichopimwa pale hakikuwa utajiri wa familia, kilikuwa utulivu wa mtoto na mazungumzo kati yake na mzazi, mambo ambayo mtoto wa Tandika anayahitaji sawasawa na wa Arizona. Wala fikra yenyewe haitoki ng'ambo peke yake. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini Tanzania Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio na fursa za ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe na ulinzi. Malezi yenye mwitikio maana yake ni kwamba mtoto akiita, kuna mtu wa kuitikia. Tena nyumba zetu zinaipa hoja hii nguvu zaidi: kwenye chumba na sebule, vitu 16 vya plastiki havina pa kukaa, na kabla ya Idi ya pili vimeshavunjwa, vimekanyagwa na kusukumiwa chini ya kitanda.

Sasa hiyo kazi ninayoisema ni ipi? Mwaka 2012 Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn, wakifanya utafiti nchini Kanada, waliwapa watoto waliokaribia kutimiza miaka miwili vipande vya biskuti, kisha wakawaomba wampe kikaragosi baadhi yake, huku wakipima furaha nyusoni mwao. Watoto walionekana wenye furaha zaidi walipotoa kuliko walipopokea, na zaidi bado walipotoa kwenye bakuli lao wenyewe. Sisi tunayo desturi inayomfungulia mtoto mlango huohuo, na tumekuwa tukiwaachia wakubwa tu: kupeleka sahani kwa jirani. Mpe mtoto wa miaka miwili kibakuli cha plastiki chenye kaimati tatu au pilau kidogo, kimefunikwa kitambaa, apeleke mlango wa pili, kaka yake akiwa nyuma. Atakibana kifuani kwa mikono miwili. Akifika kizingitini atakiweka chini, ashuke kinyumenyume kwa magoti, ageuke akiokote tena, afunue achungulie kama kaimati bado zipo. Jirani akipokea na kumshukuru kwa jina lake, mtoto ameijua sikukuu kwa miguu yake mwenyewe. Safari hiyo ya hatua ishirini inaweza kuchukua dakika kumi, na hapaswi kuharakishwa.

Kazi za namna hiyo ziko tele kwa anayezitafuta. Mtoto anaweza kuosha zabibu za pilau kwenye bakuli la maji, kuchambua tende mbovu na nzima, kumshikia baba kamba anapofunga mapambo, kumpa kila mgeni tishu moja. Mkono wa Idi nao una nafasi yake. Mtoto wa miaka miwili akipewa sarafu ya shilingi 200 ataitia kinywani, kwa hiyo wazazi wengi huipokea wao na kuitia mfukoni, na mtoto anabaki akishangaa. Afadhali kuwe na kibubu cha mbao. Mtoaji, tuseme shangazi, ampe sarafu, mzazi akae naye, mtoto aipenyeze mwenyewe kwenye tundu mbele ya aliyempa. Kwa umri huo hakuna mchezo mtamu kama kutia kitu kwenye tundu na kusikia kinavyolia kikidondoka. Shangazi ataona furaha aliyoileta, na fedha itatumika baadaye kwa jambo la mtoto.

Pingamizi zito zaidi ni la heshima: kwamba watoto wa nyumba ya pili watatoka wameng'ara, na wetu ataonekana yatima. Silipuuzi hilo. Mtoto wa miaka sita au saba hujilinganisha, na maumivu yake ni ya kweli. Wa miaka miwili bado hajafika huko. Watoto wa umri wake hucheza kandokando zaidi kuliko pamoja. Anamnyang'anya mwenzake gari kwa sababu limetembea, na kesho atamnyang'anya kifuniko cha ndoo kwa sababu hiyohiyo. Aibu inayozungumzwa hapa ni ya mzazi, na mzazi ana haki ya kuijali, ila aijue kuwa ni yake. Basi nguo mpya na inunuliwe, moja, kwa kuangalia mwili wa mtoto kwanza. Gauni la lesi ngumu linalokwaruza shingo litamliza kabla ya saa nne asubuhi. Viatu vya kukulia, vilivyozidi namba mbili ili vifike mwakani, vitamwangusha kila hatua. Mjaribishe siku mbili kabla, azoee, kwa kuwa Idi hutangazwa usiku wa kuamkia na asubuhi hakuna muda wa kubembelezana.

Ndugu na marafiki ni sura nyingine ya jambo hilihili. Kukataa zawadi kwetu ni ukosefu wa adabu, na sishauri mtu afanye hivyo. Kinachowezekana ni kuwahi. Mama mdogo akiuliza kwenye simu mtoto aletewe nini, jibu la "chochote tu" ndilo linalojaza nyumba wanasesere. Mzazi amwambie waziwazi: kitabu cha picha cha Kiswahili chenye kurasa ngumu, mpira laini, vikombe vya kupangana, au wawili wachange wanunue kitu kimoja. Zikija nyingi hata hivyo, mtoto afungue moja leo, nyingine zikae juu ya kabati zitoke mwezi ujao na mwezi wa kufuatia. Simu na tableti nisingeziweka kwenye hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili unataka isizidi saa moja kwa siku.

Yapo pia mambo ambayo hayana mjadala. Betri ndogo za duara, zile bapa mfano wa kifungo, zilizomo ndani ya vitu vinavyoimba, kadi za muziki na rimoti, zikimezwa na kukwama kwenye umio huweza kuunguza nyama ya ndani kwa saa 2 tu. Sehemu ya betri isiyofungwa kwa skrubu haifai kuingia nyumba yenye mtoto mdogo, na aliyeshukiwa kumeza apelekwe hospitali mara moja bila kungoja dalili. Puto lililopasuka huziba koo vibaya kuliko vitu vingi. Karanga, pipi ngumu na kokwa za ubuyu, ambazo hugawiwa kwa ukarimu mkubwa siku hizo, si chakula cha mtoto wa miaka miwili.

Matembezi nayo yapimwe. Oktoba 1, 2008, siku ya Idi el Fitri, watoto wapatao 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana kwenye ukumbi wa disko toto mjini Tabora, na tangu hapo polisi wamekuwa wakipiga marufuku disko za watoto sikukuu zinapokaribia. Wale walikuwa wakubwa kuliko watoto ninaowazungumzia, lakini funzo kuhusu umati linawahusu wote. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Ukimtoa saa saba na jua kali kumpeleka ufukweni Coco, ukamrudisha usiku, utakuwa umemnunulia kilio. Asubuhi mapema ufukwe huohuo una mchanga, maji na nafasi, bila kiingilio.

Mwingine atasema haya ni mahubiri ya wenye uwezo, na mzazi wa kipato cha chini anayejinyima mwezi mzima anunue mwanasesere mmoja hastahili kuambiwa apunguze. Nakubaliana naye kabisa. Huyo mwenye kununua kimoja yuko sahihi tayari, na hana sababu ya kuona haya mbele ya jirani aliyenunua kumi. Ninaowaomba wapunguze ni wale wanaokopa ili wafikie hivyo kumi, kisha Januari ada na kodi ya nyumba zikawakuta mikono mitupu. Na ombi langu kwa ndugu wanaokuja kutembea ni hili: pigeni simu kwanza kwa mama wa mtoto muulize kinachohitajika, njooni asubuhi kabla hajachoka, msimlazimishe kubebwa na kila mtu wala kutoa shikamoo kwa sauti mara mlipoingia, na mkishampa mlichomletea, mketi naye mkekani angalau nusu saa mcheze nacho pamoja.