Kutembea ni Dawa ya Mishipa ya Damu

Akina mama wanene wa Temeke na Kinondoni waliokwisha koma hedhi hutuuliza: "Tunatembea kila siku, mbona kilo hazipungui?" Wengine hukata tamaa na kuacha. Tunawasihi wasiache.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata watu waliohama Morogoro Vijijini kuja Dar es Salaam. Kwa mwaka 1 uzito wao uliongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, na kazi za nguvu zilipungua. Unene ukiungana na umri, mishipa ya damu hukakamaa, presha hupanda, na kiharusi hunyemelea.

Tunapotembea haraka, damu hupita kwa kasi na kusugua kuta za ndani za mshipa. Kuta hizo hutoa gesi iitwayo nitriki oksaidi, ambayo huulegeza mshipa ukapanuka. Faida hii huweza kupatikana hata uzito usipopungua.

Tuanze na dakika 10 asubuhi, tuongeze polepole hadi dakika 30, siku 5 kwa wiki. Mwendo uwe wa kutuwezesha kuzungumza, lakini si kuimba. Dawa za presha tuendelee kuzimeza. Kifua kikibana, tusimame na kwenda hospitali mara moja.