Barua kwa Naibu Chansela

Sheria ya Kenya ya Kupata Habari, ya mwaka 2016, ina kichekesho ambacho sidhani walioiandika walikikusudia. Kifungu chake cha 7 kinasema mkuu wa taasisi ya umma ndiye afisa wa kutoa habari za taasisi hiyo. Katika chuo kikuu cha umma, mkuu huyo ni naibu chansela, ambaye Tanzania huitwa makamu mkuu wa chuo. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kujua naibu chansela analipwa kiasi gani, posho zake ni zipi, na kiinua mgongo chake kitakuwa kiasi gani akimaliza muhula, hana budi kumwandikia naibu chansela mwenyewe. Sheria inamruhusu kumkasimia afisa mwingine kazi hiyo, lakini huyo mwingine naye anapata mshahara kwa saini ya yuleyule anayeulizwa habari zake.

Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma nchini Kenya waligoma kwa majuma saba. Walidai shilingi bilioni 7.9 zilizobaki katika makubaliano ya mishahara ya mwaka 2017 hadi 2021, huku serikali ikisema deni halisi ni dogo mno kuliko hilo. Katika ugomvi kama huo, malipo ya mhadhiri huanikwa hadharani hadi senti ya mwisho, lakini ya wale wanaoketi upande wa pili wa meza hubaki kuwa tetesi. Mwanafunzi anayesubiri mitihani na mzazi anayelipa karo hawana cha kupimia kauli ya wakubwa kwamba kasha limekauka.

Jambo la kushangaza ni kwamba katika Afrika Mashariki mshahara wa mtu mkubwa kuliko wote si siri. Mshahara wa Rais wa Kenya uliwekwa katika Gazeti Rasmi la Serikali mwaka 2017: shilingi 1,443,750 kwa mwezi. Tanzania, Oktoba 2017, Rais John Magufuli alitamka mbele ya watu kwamba yeye hulipwa shilingi milioni tisa za nchi yake kwa mwezi. Mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya hapo, akiwa Chato, alikuwa amelalamika kwamba kuna wakuu wa mashirika ya umma wanaofikia milioni 40, akaahidi kuwashusha wasizidi 15. Ukiziweka kauli hizo mbili pamoja, unaona palipo na kivuli. Kiko chini kidogo ya kilele, kwa watu wenye madaraka makubwa ambao majina yao hayapigiwi kura.

Kwa Kenya, kivuli hicho kina chanzo kinachoeleweka. Ibara ya 230 ya Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kazi mbili zisizofanana. Kwa maafisa wa dola, kama rais, mawaziri, magavana, wabunge na majaji, Tume hupanga malipo yenyewe na kuyatangaza. Kwa watumishi wengine wa umma hutoa ushauri tu kwa serikali. Naibu chansela yuko katika kundi hili la pili. Ushauri hutolewa, baraza la chuo hufanya uamuzi, mkataba hutiwa saini, na njiani hakuna kituo ambapo lazima karatasi ibandikwe ukutani.

Lakini sheria haikunyamaza kabisa. Kifungu cha 5 cha sheria ya 2016 kinaorodhesha mambo ambayo taasisi inapaswa kuyaweka wazi bila kungoja kuulizwa, na mojawapo ni viwango vya mishahara ya maafisa wake kwa kila ngazi. Aliyezoea kuombaomba asome kifungu hicho kabla ya kushika kalamu, maana kinabadilisha lugha ya barua. Mwombaji wa viwango vya mishahara haji kubembeleza. Anauliza kwa nini kitu kilichopaswa kuwa mezani hakipo.

Tatizo ni kwamba kiwango cha mshahara hakisemi mengi. Kwa watu wa juu, mshahara wa msingi ndiyo sehemu ya malipo ambayo ni rahisi zaidi kuionyesha. Pembeni yake kuna marupurupu ya nyumba, gari na dereva, posho ya kukirimu wageni, posho za vikao, masurufu ya safari, bima ya familia, na kiinua mgongo kinachohesabiwa kwa asilimia ya yote yaliyotangulia au baadhi yake. Mtu anaweza kupewa jedwali la ngazi lililo sahihi kabisa na akaondoka bila kujua lolote la maana.

Uingereza ilijifunza jambo hilo kwa aibu mwaka 2017, na kisa cha Chuo Kikuu cha Bath kinastahili kuelezwa kwa urefu kidogo. Mkuu wa chuo hicho, Glynis Breakwell, alikuwa akilipwa pauni 468,000 kwa mwaka, juu ya wakuu wenzake karibu wote nchini humo. Kiasi hicho hakikuhitaji mpelelezi, kwani vyuo vya huko huandika malipo ya mkuu katika hesabu za kila mwaka. Watu walikuwa wanakijua, wananung'unika, na maisha yanaendelea.

Kilichowasha moto ni yaliyokuwa nyuma ya kiasi hicho. Mapema mwaka 2017, katika mkutano wa chombo cha chuo kinachokutanisha wawakilishi wa jamii, wafanyakazi na wanafunzi, ililetwa hoja ya kuikemea kamati ya mishahara. Hoja ilianguka kwa kura 33 dhidi ya 30, na miongoni mwa waliopiga kura alikuwemo mkuu mwenyewe pamoja na wajumbe wa kamati iliyokuwa ikikemewa. Mwanasiasa Andrew Adonis alipeleka malalamiko kwa baraza la serikali lililokuwa likifadhili vyuo vya England. Novemba mwaka huo baraza lilitoa ripoti, likasema kuruhusu watu hao wapige kura juu ya jambo linalowahusu kuliharibu jina la chuo. Kabla mwezi haujaisha, Breakwell alitangaza kwamba angeng'atuka. Wakati huo magazeti yalikuwa yameshachimba mengine: mkopo wa gari wa pauni 31,000 usio na riba ambao ungefutwa, na biskuti za pauni mbili ambazo chuo kilimrudishia gharama yake. Kwa maoni yangu biskuti zilimwumiza kuliko kitu kingine. Pauni laki nne ni kiasi ambacho watu wengi hawawezi kukipigia picha akilini, lakini bei ya biskuti kila mtu anaijua.

Maana ya kisa hiki kwa anayetaka kuandika barua ni hii: kiasi peke yake hakikufungua mlango wowote. Kilichofungua ni maswali ya utaratibu. Nani aliketi? Nani alitoka chumbani? Walilinganisha na nani? Walikubaliana nini, na karatasi iko wapi? Chama cha wahadhiri cha Uingereza, UCU, kiliona hivyo mapema. Kwa miaka kadhaa kilitumia Sheria ya Uhuru wa Habari, ambayo huvipa vyuo siku 20 za kazi kujibu, kudai kumbukumbu za mikutano ya kamati za mishahara kutoka chuo kimoja hadi kingine. Vyuo vingi vilikataa au vilitoa kurasa zilizopakwa wino mweusi. Hata hivyo majibu yalionyesha kwamba wakuu wengi walikuwa wajumbe wa kamati iliyowapangia malipo, au waliruhusiwa kuhudhuria vikao vyake. Mwaka 2018 mwongozo mpya wa wenyeviti wa mabaraza ya vyuo ulikataza mkuu kuwa mjumbe wa kamati hiyo. Mwaka huohuo msimamizi mpya wa vyuo vya England alivitaka vichapishe sababu za malipo ya mkuu, na pia uwiano wake na mshahara wa kati. Mshahara wa kati ni ule wa mfanyakazi anayeangukia katikati pale wote wanapopangwa kutoka anayelipwa kidogo hadi anayelipwa kingi.

Sasa turudi kwenye barua yetu. Kosa linalopatikana katika barua nyingi za namna hii ni kumtaja mtu. "Naomba kujua mshahara wa Profesa fulani" ni sentensi inayompa afisa njia ya kukimbilia, kwani kifungu cha 6 cha sheria ya Kenya ya 2016 kinaruhusu kuzuia habari zinazoingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ambayo maafisa huichomoa haraka kuliko kitambulisho. Ulizia cheo. Omba jumla ya malipo yanayoambatana na nafasi ya naibu chansela, ya manaibu wake, ya msajili na ya mkuu wa fedha, kwa mwaka wa fedha uliotajwa, yakigawanywa katika mshahara wa msingi, kila posho kwa jina lake, na kiinua mgongo. Omba barua ya SRC yenye ushauri kuhusu nafasi hizo. Omba kumbukumbu za kikao cha baraza kilichoidhinisha, sehemu ile inayohusu malipo tu. Ukiomba kumbukumbu zote za mwaka mzima utajibiwa kwamba kazi ni kubwa mno, na pengine watakuwa na haki.

Kabla ya hapo kuna karatasi ya kusoma. Vyuo vya umma hufunga hesabu zao kwa kufuata viwango vya kimataifa vya sekta ya umma, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huzikagua. Viwango hivyo vinadai ionyeshwe jumla ya malipo ya viongozi wa juu pamoja na idadi yao. Maelezo hayo hukaa nyuma kabisa ya ripoti, kwenye sehemu ya wahusika wa karibu wa taasisi, ambako wasomaji wengi hawafiki. Jumla hiyo haimtaji mtu, lakini ukiigawanya kwa idadi ya waliolipwa unapata makadirio, na barua yenye makadirio mkononi ni vigumu kuitupa kapuni.

Sheria inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Huwajibiki kueleza kwa nini unataka kujua, na afisa haruhusiwi kukunyima kwa kudhani anajua nia yako. Kuwasilisha ombi hakuna ada. Utalipia gharama ya nakala tu. Mwenye haki ni raia, au taasisi binafsi inayodhibitiwa na raia.

Kuna pingamizi ambazo haifai kuzipuuza. Ya faragha ina uzito, ila uzito huo hupungua kadiri cheo kinavyopanda. Msimamo wa mdhibiti wa habari wa Uingereza ni huo: aliye juu, anayeamua matumizi ya fedha za umma, ategemee kuulizwa zaidi kuliko karani. Sheria ya data ya Kenya yenyewe inakubali data itumike pale sheria nyingine inapodai. Pingamizi ya pili, kwamba kuanika mishahara huleta kinyongo kazini, ni ya kweli, na imepimwa. David Card na wenzake waliwaandikia baadhi ya wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California kuwajulisha kwamba gazeti la Sacramento Bee limeweka mishahara yao yote mtandaoni. Waliogundua wako chini ya mshahara wa kati wa kitengo chao waliridhika kidogo zaidi na kazi yao, wakaanza kufikiria kuhama. Walio juu hawakutikisika. Utafiti mwingine, wa Alexandre Mas, uliangalia mameneja wa miji ya California baada ya mishahara yao kuwekwa wazi mwaka 2010. Malipo yao yalishuka kwa kiasi cha asilimia saba, na walioacha kazi waliongezeka sana. Upande wa pili wa mizani, katika vyuo vikuu vya Kanada sheria za uwazi zilipunguza pengo la mishahara kati ya wahadhiri wa kiume na wa kike.

Sioni kwamba matokeo hayo yanafuta hoja ya uwazi, ila yanaonyesha mahali pa kuweka mpaka. Jimbo la Ontario, Kanada, tangu 1996 huchapisha jina la kila mtumishi wa umma anayelipwa dola 100,000 au zaidi, na kiwango hicho hakijawahi kupandishwa. Orodha ya kwanza ilikuwa na watu elfu kadhaa. Sasa imepita laki tatu, wakiwemo walimu na wauguzi ambao hawaamui bajeti ya mtu yeyote. Uchunguzi uliokusudiwa kwa wakubwa umegeuka umbea juu ya majirani. Barua inayoulizia nafasi nne au tano za juu haina dosari hiyo.

Naibu chansela ana siku 21 za kujibu, na anaweza kujiongezea 14 mara moja tu. Asipojibu, ukimya wake kisheria ni kukataa, na hilo ni jambo zuri kwa mwombaji, maana kukataa kunaweza kukatiwa rufaa. Ndani ya siku 30 shauri hupelekwa kwa Ombudsman, yaani Tume ya kushughulikia haki katika utawala, ambayo ina uwezo wa kuamuru habari itolewe, na baada yake kuna Mahakama Kuu. Mei 2022 mahakama hiyo, ikiketi Mombasa, iliiamuru serikali iwape wanaharakati Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo mikataba ya reli ya SGR, ingawa serikali ilikuwa imeng'ang'ania kwamba ni siri. Hadi mwisho wa mwaka kurasa kadhaa zilikuwa mikononi mwa umma.

Mtanzania ana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, nayo ya 2016, yenye siku 30 badala ya 21. Tofauti kubwa iko mbele zaidi. Akinyimwa, anaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha anakata rufaa kwa waziri, na kwa kawaida neno la waziri ndilo la mwisho. Kwa swali la malipo ya makamu mkuu wa chuo, hiyo ina maana kwamba mapitio ya kwanza yanafanywa na anayeulizwa. Anayeandika kutoka Dar es Salaam au Dodoma ana sababu zaidi ya kuanza na hesabu zilizokaguliwa, kwa kuwa hizo tayari zimeshatoka mkononi mwa chuo.